Sura Isiyo na Maneno

Ofisini walimwita Mapanga, na hakuna aliyekumbuka vizuri nani alianza. Huenda ni yule mpanga kurasa, aliyesema siku moja kwamba mwanamke huyu akichora panga, mtu anaogopa kupitisha kidole juu ya karatasi. Jina likamganda. Hata mlinzi wa getini, akimwona anakuja na bahasha yake kubwa kwapani, aliinua mikono juu na kusema, "Nimejisalimisha, dada, pita."

Zamani alikuwa mchora mabango. Alichora majina ya maduka, matairi, mikasi, na meno makubwa meupe ya kliniki za meno. Manga alizijulia ukubwani, kwenye duka la vitabu vya mitumba lililokuwa jirani na karakana yake. Ni hadithi za picha za mtindo wa Kijapani, na nyingi husomwa kuanzia nyuma kwenda mbele. Yeye alizisoma kwa upande usio sahihi muda mrefu kabla mtu hajamwonyesha, na hakuona haya kulisimulia hilo. Alisema hata zilipokuwa kinyume zilimshika. Akaanza kuchora za kwake kila akitoka kazini, kwa nibu na wino mweusi, akiharibu karatasi na kuanza upya, mpaka jarida moja la kila wiki likampa kurasa zake za katikati. Siku hiyo aliweka brashi za mabango ndani ya ndoo, akafunga karakana, na hakurudi tena.

Hadithi yake ilihusu dola ya kale ya wafua chuma na mfalme wake mzee. Upanga wa mfalme huyo ulifuliwa pamoja na roho za mababu. Kila akiuchomoa, mizimu ilitoka kumpigania, na kila mara ilimnyang'anya kitu. Kwenye mambo ya kale Mapanga hakuwa na mchezo. Alikwenda makumbusho kutazama mabaki ya tanuru mpaka wahudumu wakamzoea. Alijua mivukuto ya kupulizia moto ilivyofungwa, ngao zilivyoshonwa, moshi ulivyopanda siku isiyo na upepo na siku yenye upepo. Na alipoingia kwenye maajabu ndipo alipotisha zaidi. Ndege wake wa majivu, aliyetanda kurasa mbili huku kila unyoya ukifuka, alibandikwa kwenye kuta za mabweni na gereji. Watu wasiomjua Mapanga walimjadili kama vile wanamjadili mchezaji mpira.

Lakini baada ya muda wasomaji wakaanza kuchoka. Picha walizisifu vilevile. Ila wengine walisema wanazitazama tu na kupita. Ndipo mhariri akamwita.

Mhariri alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini na miwani aliyoifunga kwa kamba shingoni. Alikuwa ametandaza sura ya mwisho ya hadithi juu ya meza.

"Kaa, Mapanga." Akachukua gazeti, akaziziba picha zote, akabakiza maneno. Akasoma kwa sauti isiyo na chumvi: "'Ewe jemadari, kama ujuavyo, ngome hii ilijengwa na babu yangu, aliyewashinda watu wa bondeni, ambao nao walitoka kaskazini baada ya ukame mkuu.' Niambie. Huyu anayeongea, nyuma yake kuna nini?"

"Ngome inaungua."

"Ngome inaungua, naye anafundisha historia. Kwa nani? Si jemadari alikuwepo?"

Mapanga akavuta mdomo. "Msomaji hakuwepo, mama."

"Sawa." Mhariri akaondoa gazeti, safari hii akayaziba maneno kwa vipande vya karatasi nyeupe. "Hapa sasa. Nani ana hasira?"

Mapanga akainama. Wanaume watano na binti wa mfalme. Nguo zao, lo, hata uzi ulionekana. Lakini nyusi zilikuwa nyusi zilezile, pua ilikuwa moja imegawiwa watu sita. Akabahatisha. "Huyu."

"Huyo anaomba msamaha."

Kiyoyozi kikaguna ukutani.

"Na mtu wako akikwama, mzimu huo unatoka," mhariri akaendelea. "Mizimu yako inachapa kazi kuliko watu wangu wote humu. Nakuonea?"

Mapanga alitaka kusema ndiyo. Akasema, "Hapana."

"Wakubwa wanataka kurasa zako waziwekee chemshabongo. Nimekuombea nafasi moja. Niletee sura moja isiyo na kiputo hata kimoja cha maneno. Na mizimu ipumzike. Mfalme na watu wake, basi."

"Nitaileta," alisema Mapanga. Alikubali kabla hajafikiri, kisha akashuka ngazi akibishana peke yake, akiwa na majibu mazuri ambayo sasa hayakuwa na wa kumpa.

Nyumbani aliishi na baba yake. Mzee alikuwa kinyozi, tena kinyozi wa maneno. Watu walikuwa wakiingia kwake vichwa vikiwa vipara, wamefuata soga tu. Kisha kiharusi kikamchukua upande wa kulia na kikamchukua na ulimi. Akili ilibaki nzima. Alielewa taarifa ya habari, alielewa utani, alijua siku za dawa zake. Ila sauti iliyotoka ilikuwa moja tu: "Ta." Ta ilikuwa ndiyo, ta ilikuwa hapana, ta ilikuwa chai na redio na nani huyo anagonga mlango. Mapanga alipomhamishia kwake, alisogeza meza ya kuchorea sebuleni karibu na dirisha, na kiti cha mzee akakiweka pembeni ya meza, ili wote wawili wapate mwanga na asiwe mbali akihitajika. Mdogo wake wa kiume, fundi umeme, alikuwa akipita kila jioni akitoka kazini kumsaidia kumwinua mzee.

Mapanga alijifunga kibwebwe. Alipanga sura ile hivi: mfalme amechomoa upanga kwa mara ya mwisho, na safari hii mizimu imeondoka na sauti yake. Maadui wako chini ya ukuta. Binti yake, anayelinda lango, anangoja amri, naye hawezi kuitoa. Kwenye kichwa cha Mapanga ilikaa vizuri. Kwenye karatasi ilikataa. Kila alipofika mahali pagumu, mkono wake ulitafuta njia ya kukwepa. Akachora mjumbe mwenye bendera zenye alama. Akachora ukuta uliochongwa maandishi ya mababu, mfalme akiyaonyesha kwa kidole mstari kwa mstari. Akachora ramani yenye maelezo pembeni. Ilipokamilika aliipenda, hasa ule ukuta, maana kila jiwe lilikuwa na ufa wake.

Mhariri aliipitia mara moja tu.

"Nimekunyima viputo, umenipa ukuta unaoongea," alisema. "Mapanga, mdogo wangu. Hii sura haina sura."

Mpanga kurasa aliyekuwa karibu aliangua kicheko, kisha akajifanya anakohoa. Mapanga aliikusanya kazi yake, akaitia kwenye bahasha bila kuikunja. Mashavu yalikuwa yakimwaka.

"Nipe nafasi nyingine."

"Chemshabongo iko tayari mezani kwangu."

"Ikae hapohapo. Nitaileta."

Mhariri akarudisha miwani kifuani. "Lete."

Jioni ile mdogo wake alifika mapema. Mapanga alikuwa jikoni akiosha vikombe. Alisikia mzee akisema "Ta," na mdogo wake akaanza kazi yake ya kila siku ya kuuliza.

"Maji, Baba? Si maji. Choo? Nizime redio? Niwashe? Unasikia baridi? Umechoka kukaa?"

"Ta! Ta!"

"Dada, njoo, mzee anataka kitu!"

Mapanga akatokeza kichwa mlangoni, akamtazama baba yake, akasema, "Sogeza pazia. Jua linampiga jichoni." Akarudi kwenye vikombe.

Pazia likasogezwa. Mzee akatulia. Mdogo wake akamfuata jikoni, mikono kiunoni. "Sasa umejuaje hapo?"

"Amebana kidole gumba ndani ya ngumi. Akibana hivyo ujue kuna kitu kinamuudhi lakini si kikubwa. Kingekuwa kikubwa angekuwa ametazama mlango. Halafu shavu la kushoto ameli…" Kikombe kilikuwa kinatiririsha maji mkononi mwake.

"Ameli nini?"

"Malizia hivi vikombe," alisema Mapanga, akampa kitambaa.

Aliketi karibu na baba yake, akaanza kumchora. Siku iliyofuata akaendelea, na iliyofuata pia. Alichora kidole gumba. Alichora nyusi mbili ambazo sasa kila moja ilikuwa na maisha yake, ya kushoto ikipanda na kushuka, ya kulia imelala. Alichora bega linavyotangulia uso mzee anapokataa kitu. Tangu mzee augue alikuwa akimsoma kama mtu anavyosoma kibao cha barabarani, na hakuwahi hata siku moja kufikiri kwamba huko ndiko kuchora. Usomaji wake wa nyuso ulikuwa jikoni na ubingwa wake ulikuwa mezani, na kati ya jikoni na meza hapakuwa na mlango.

Hadithi ikafunguka. Mfalme anataka binti yake afungue mlango wa nyuma awatoe watu, aiache ngome iende. Binti anadhani anataka vita. Anamletea upanga, mfalme anaugeuzia bega. Anamletea ngao, maji, ramani. Ngumi inabana kidole gumba. Ni pale tu anapoacha kuleta vitu na kupiga magoti amtazame, ndipo anaona macho yake yameganda kwenye ule mlango mdogo nyuma ya kiti cha enzi. Mapanga alichora bila kusimama. Hakuchora jiwe hata moja lenye ufa.

Kurasa zilipokauka alizitandaza mezani. Na mzee, aliyekuwa kwenye kiti chake kama kawaida, akanyoosha shingo akaziona.

Aliona mfalme mwenye mdomo ulioshuka upande mmoja. Mkono wa kulia umelala pajani kama wa mtu mwingine. Mzee alitazama kwa muda mrefu. Kisha mkono wake wa kushoto ukaukumba ukurasa mmoja hadi sakafuni, na akageuza uso ukutani.

"Baba?"

Hakugeuka. Hata "ta" hakusema.

Mdogo wake alipofika, alimkuta mzee bado ameelekea ukutani na chakula hakijaguswa. Aliokota ukurasa, akauangalia, uso ukamshuka. "Dada. Umemwanika Baba."

"Sikumwanika."

"Huyu ni Baba na ugonjwa wake. Unataka watu wamkodolee macho? Mtu aliyekuwa hatoki nje bila kujitazama kwenye kioo mara tatu?"

"Ni mfalme."

"Kwako wewe."

Maneno hayo yalimchoma. Alikusanya kurasa. Angeweza kuzifungia kabatini akamwachia mhariri chemshabongo yake. Angeweza pia kuzipeleka kimyakimya, maana mzee hasomi jarida. Alizipima njia zote mbili pale aliposimama, na zote akazikataa. Akavuta kiti, akakiweka katikati ya mzee na ukuta, akakaa, wakawa wanatazamana magoti kwa magoti.

"Baba," alisema. "Usinikasirikie kimoyomoyo. Ukisema nisipeleke, nazichana sasa hivi mbele yako. Lakini uniambie mwenyewe."

"Dada, mwache mzee apumzike," alisema mdogo wake.

"Nyamaza kidogo."

Mzee alifumba macho, akafumbua. Mkono wa kushoto ukapanda polepole. Mapanga alidhani anamwonyesha mlango. Lakini mkono ulifika shavuni, ukaanza kulisugua, juu, chini, juu, chini. Ndevu zikakwaruza. Hakuwa amenyolewa tangu wiki iliyopita, na hata siku hiyo Mapanga alimpitishia mashine haraka haraka huku akili yake ikiwa kwenye kurasa.

"Shavu linauma?"

Bega likatangulia. Hapana. Mzee akanyoosha kidole kwenye ukurasa, kwenye kidevu cha mfalme. Mapanga alikuwa amezichora vizuri sana zile ndevu ovyoovyo, kila kinyweleo mahali pake. Kidole kikagonga. Kikarudi shavuni kwake, kikasugua.

"Ta," alisema, kwa hasira zote alizokuwa nazo.

Mdogo wake ndiye aliyecheka kwanza. Alijiziba mdomo, mabega yakamtikisika. "Jamani. Hana neno na ule mdomo ulioshuka. Anasema umemchora hajanyoa!"

Nyusi ya kushoto ya mzee ikapanda juu kabisa, kama vile anasema, hatimaye, nyumba hii ina mtu mwenye akili.

Wakachemsha maji. Wembe wa zamani ulikuwepo, ndani ya boksi lake la kazi, na mkanda wa kuunolea. Mapanga hakuwahi kuushika maishani mwake, na mkono uliozoea nibu haukujua uanzie wapi kwenye shingo ya baba yake. Mzee alimwongoza. Alilivuta shavu mwenyewe kwa mkono mzima ili ngozi ikazike. Akibanwa sana alifumba jicho moja. Mkono ukienda kinyume na ndevu alitoa "ta" moja kavu iliyowasimamisha wote wawili. Masharubu aliyalinda kwa kiganja mpaka mkasi ulipoletwa. Mdogo wake alishika kioo. Ilipokwisha, mzee alikichukua kioo, akajigeuza huku na huku, akakirudisha. Kisha akausukuma ule ukurasa taratibu kuelekea kwa binti yake.

"Nipeleke?"

Kidole gumba kilikuwa nje, kimelala juu ya vidole vingine.

Alimchora mfalme upya, kurasa zote. Mdomo ulibaki umeshuka na mkono ulibaki umelala, ila masharubu yalikatwa sawa na kidevu kiling'aa. Ikawa mtu aliyepoteza jeshi na sauti, lakini asubuhi ya kushindwa kwake amenyoa. Mapanga mwenyewe alishangaa jinsi picha ilivyopata nguvu.

Mhariri alizipitia akiwa amesimama. Alirudi mwanzo, akazipitia tena, safari hii amekaa. Hakuziba kitu chochote.

"Mfalme yupo," alisema. "Huyu yupo kabisa. Lakini binti je?"

Mapanga aliangalia. Pale binti anapopiga magoti na kuelewa, uso wake ulikuwa ule ule wa zamani, safi kama kisahani. Siku zote hizo alimchora baba. Aliyekuwa akimtazama baba hakumchora.

Angeweza kuomba siku nyingine. Badala yake aliomba karatasi na wino, akaenda msalani, akafunga mlango. Juu ya sinki kulikuwa na kioo kilichofifia pembeni. Alijitazama. Akajaribu kukumbuka alivyokuwa pale kwenye kiti, magoti kwa magoti, akingoja mkono ule upande, na uso kwenye kioo ukafanya kitu ambacho hakukipenda: kidevu kilikunjamana kama cha mtoto, pua ikatanuka, wala hakukuwa na uzuri wowote. Akauchora hivyohivyo, karatasi ikiwa juu ya ukingo wa sinki. Mtu aligonga mlango mara kadhaa. "Kuna mtu!" alijibu kila mara bila kuinua kichwa.

Sura ikachapishwa. Chemshabongo ikapelekwa kurasa za nyuma. Wapo waliolalamika kwamba sura wameimaliza kabla hata hawajakunywa chai, na wapo waliouliza mizimu imekwenda likizo wapi. Mpanga kurasa alimwambia kwamba aliisoma akampigia simu mama yake, kisha akakosa la kumwambia, wakaongea habari za bomba la maji. Mdogo wake alinunua nakala kadhaa akazigawa kazini, huku akisema, "Yule mfalme ni mzee wangu," kana kwamba hajawahi kulalamika. Nyumbani mzee aliikagua nakala yake kwa makini, hasa masharubu.

Mhariri alifurahi hata akavuka mpaka. "Tuendelee hivyo," alimwambia. "Hadithi nzima bila maneno. Umepata njia yako."

"Hapana, mama."

"Hapana?"

"Maneno nayataka. Siyawezi, ndiyo maana nayataka. Nikiyakimbia sasa nitakuwa nimerudi kwenye kuchora mapanga tu. Majemadari wangu lazima waongee, na waongee kama watu."

"Watatoa hotuba."

"Watatoa. Nawe utaziba picha usome, nami nitarudia."

Na walitoa hotuba kweli. Sura iliyofuata jemadari mmoja alijaza kiputo kikubwa kuliko farasi wake, na mhariri akairudisha. Vita bado vilimzidi Mapanga. Akishika mapanga alisahau kuyaweka chini, kurasa zikaisha kabla watu hawajakutana. Mara mbili mzimu ulitokea pasipohitajika, akaufuta mwenyewe. Alikuwa akizijua kasoro zake kwa majina sasa, na kila akikaa mezani alianza na ile iliyomshinda jana.

Siku za mazoezi ya viungo alimpeleka mzee kliniki. Mzee alipoingia ndani na mtaalamu, Mapanga alibaki kwenye ukumbi wa kusubiri, kati ya watu wenye magongo na bandeji, ubao wa kuchorea juu ya magoti, masikio wazi. Asubuhi moja bwana mmoja alirudi kutoka dirisha la dawa akakuta mwenzake amekaa mahali pake.

"Hapo nilikuwa nimekaa," alisema.

"Naona pana joto," alijibu mwenzake, wala hakuinuka.

Bwana yule alihamisha gongo lake kutoka mkono huu kwenda ule. "Mguu wako unaendeleaje?"

"Vizuri kuliko wako."

Mapanga alisubiri asikie nani atamweleza mwenzake kiti kile kilitengenezwa na nani na lini. Hakuna aliyeeleza. Akafuta kiputo kizima cha jemadari wake, akachonga penseli, akaanza tena na majemadari wawili wanaotaka kilima kimoja, kila mmoja akimuuliza mwenzake habari za farasi.